Kauntabuku ya michango na gharama zisizo na risiti

Tangu mwaka 2014 mimi ni mhazini wa kikundi cha ukoo wetu, ukoo ambao shina lake liko Rungwe na matawi yake yametapakaa kuanzia Kyela hadi Chunya, na wachache wako Dar es Salaam. Sikupewa kazi hiyo kwa ujuzi wa hesabu, kwa kuwa nafundisha Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Uyole. Nilipewa kwa sababu mshahara wangu unapitia benki, na wazee waliona kwamba mtu mwenye mshahara hawezi kuwa na haraka ya kula fedha za watu. (Wazee hao hawajawahi kuona makato ya mikopo kwenye hati ya mshahara wa mwalimu, lakini hilo si la leo.) Tulikuwa wanachama 41 wakati huo na tuko 41 hadi sasa, kwa sababu kila anayefariki nafasi yake huchukuliwa na mmoja wa watoto wake, na kila mwanachama hutoa shilingi 5,000 kwa mwezi.

Kikundi kilianzishwa kwa ajili ya misiba. Sanda, jeneza, mchele, mafuta ya gari la kusafirisha mwili: hayo ndiyo yaliyoandikwa katika katiba yetu ya kurasa mbili. Katika miaka mitatu ya kwanza fedha zilitoka mara 11, na mara 9 kati ya hizo zilikwenda msibani. Wiki iliyopita nilikaa mezani na kauntabuku, ambayo sasa ni ya pili baada ya ile ya kwanza kujaa, nikahesabu kurasa za miaka miwili iliyopita. Fedha zimetoka mara 19. Misiba ni 6, na 13 zilizobaki zote ni matibabu. Hatukuwahi kuketi kikao kubadilisha katiba. Mgonjwa mmoja alikuja, tukasema tusimwache, akaja wa pili, tukakumbuka tulivyomfanyia wa kwanza, na leo kikundi cha kuzikana kimekuwa kikundi cha kulipiana hospitali bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Kwa muda mrefu nilijivunia jambo hilo. Sasa nina mashaka nalo, na mashaka hayo yalianza na mguu wa mdogo wangu.

Mdogo wangu analima viazi mviringo upande wa Isongole. Mwaka jana, jioni moja ya mvua, pikipiki aliyopakia iliteleza kwenye kona na mguu wake wa kulia ukavunjika chini ya goti mahali pawili. Alikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile ambayo kaya ya watu hadi sita ilikuwa ikilipia shilingi 30,000 kwa mwaka, na alikuwa amelipa kwa wakati, jambo ambalo nalisema kwa makusudi kwa sababu wengi wetu tuna tabia ya kuwalaumu wakulima kwamba hawapendi bima. Katika kituo cha afya kadi ilifanya kazi yake: walimsafisha, wakamfunga mguu, wakamchoma sindano ya maumivu. Kisha daktari akasema mfupa huo unahitaji vyuma na kwamba kwa hali ilivyo mgonjwa aende moja kwa moja ngazi ya juu, na hapo ndipo kadi ilipokoma, kwa kuwa CHF iliyoboreshwa ilianzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kuanzia geti la hospitali ile kubwa, mdogo wangu aliandikishwa kama mgonjwa wa keshi.

Nilikuwa naye siku tatu za mwanzo. Kila kitu kilianza na kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini: unaandikiwa picha, unakwenda dirishani, unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu, unarudi na ujumbe wa simu kuonyesha, ndipo mgonjwa anasukumwa kwenye chumba cha picha. Nauheshimu utaratibu huo, kwa sababu umeziba mianya ya wale waliokuwa wakipokea fedha mkononi. Lakini ukiwa na mgonjwa anayetetemeka juu ya machela, na simu yako imebakiwa na shilingi 11,000, na picha ni shilingi 20,000, unajikuta unapiga simu kwa watu ukiwa umesimama kwenye korido, ukijitahidi kuongea kwa sauti ya chini ili mgonjwa asisikie kwamba unaomba.

Baada ya miezi mitano nilimwomba shemeji yangu aniletee karatasi zote, na zile zisizo na karatasi nikamhoji hadi akachoka nami. Gari la kukodi kutoka kijijini hadi kituo cha afya lilikuwa shilingi 35,000 na la kumfikisha mjini 120,000. Faili na kumwona daktari 10,000, picha mbili 40,000, vipimo vya damu 38,000, upasuaji 400,000, kitanda kwa siku 16 ni 80,000. Vyuma vyenyewe hospitali haikuwa navyo, tukaelekezwa duka la nje, shilingi 780,000. Dawa zilizokosekana dirishani tukanunua mtaani, 167,500. Shemeji aliyekuwa akimuuguza alitumia 214,000 kwa chakula, sabuni, nauli na maji ya moto ya kununua kila asubuhi. Magongo 45,000. Baadaye kliniki za marudio mara nne, na kila mara nauli 16,000, daktari 10,000 na picha 20,000, jumla 184,000. Vyote pamoja ni shilingi 2,113,500.

Nilikaa na jumla hiyo kwa muda, kisha nikafanya hesabu nyingine ambayo sikuwahi kuifikiria. Nilijumlisha zile tu zilizopita katika dirisha la hospitali, pamoja na za marudio, nikapata shilingi 688,000. Yaani kati ya fedha zote zilizotoka, chini kidogo ya theluthi moja ndiyo iliyokuwa na risiti ya hospitali. Tunapobishana kuhusu bei za hospitali huwa tunabishana juu ya theluthi hiyo. Sehemu kubwa zaidi, yaani vyuma, dawa za nje, magari, na kula na kulala kwa anayemuuguza, haimo katika bango la bei lililobandikwa ukutani, na haitaonekana katika taarifa yoyote ya mapato itakayosomwa mbele ya kamati ya hospitali.

Hata jumla ile ya milioni mbili na ushei haijafika mwisho wa maneno. Ilibidi fedha zitoke mahali. Kikundi kilitoa 400,000, ambacho ndicho kikomo chetu kwa mgonjwa mmoja; majirani na waumini wenzake wakachanga 185,000; mimi nikatoa 440,500 ambazo bado nakatwa. Shilingi 1,088,000 zilizobaki zilitokana na viazi vilivyokuwa bado ardhini. Alikuja mnunuzi, akatembea shambani, akakadiria gunia 34 za lumbesa, yaani zilizojazwa kupita kipimo, akatoa shilingi 32,000 kwa gunia, fedha mkononi. Uuzaji wa namna hiyo una majina yake nchini. Kagera wanauita butura, Mbinga wanauita magoma, na huko kinachouzwa ni kahawa, lakini maana yake ni ileile: mwenye shida leo anamuuzia mwenye subira. Wiki tisa baadaye gunia lile lile lilikuwa likiuzwa 65,000 pale pale barabarani. Mdogo wangu alipoteza shilingi 33,000 kwa kila gunia, na kwa gunia 34 hiyo ni 1,122,000. Hasara hiyo inazidi bei ya vyuma, nayo haina risiti kabisa, wala mtu hawezi kuiita gharama ya matibabu bila kuonekana anatafuta maneno.

Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia kwa miaka mingi walikuwa na kipimo hiki cha jambo hili: kaya ikitumia zaidi ya asilimia 10 ya bajeti yake kulipia matibabu, ilihesabiwa kwamba imebeba mzigo mkubwa kupita kiasi, na ilikuwepo pia alama ya asilimia 25 kwa walioumia zaidi. Mdogo wangu, katika mwaka mzuri, anaingiza kama milioni tatu. Sikuona haja ya kutafuta asilimia yake.

Baba yangu, ambaye sasa ana miaka 74, husikiliza mazungumzo haya kwa mshangao ambao haujamwisha tangu utu uzima wangu. Yeye alipooa, ukiumwa ulikwenda zahanati ukarudi na dawa, na fedha haikutajwa. Ndivyo ilivyokuwa: baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini na kutoa huduma bure, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara, zikabaki za serikali na za mashirika ya dini. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1991, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali kubwa na kushuka ngazi kwa ngazi. Wanafunzi wangu nikiwafundisha sehemu hiyo huandika tarehe bila kuinua macho. Baba anaikumbuka kama siku ambayo alirudi nyumbani na cheti bila dawa.

Lakini nikiwa mwalimu wa Historia siwezi kumwacha baba aamini kwamba zamani palikuwa pazuri tu. Zahanati ile ya bure ilikuwa na klorokwini, penisilini na dawa ya minyoo, na mara nyingi hata hizo zilikwisha. Mguu kama wa mdogo wangu, katika miaka hiyo, ungefungwa kwa plasta na kuungana vibaya, naye angechechemea maisha yake yote bila deni. Leo kuna daktari bingwa wa mifupa Mbeya; kuna mashine ya CT-scan; kuna wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu hapahapa kanda badala ya kuhamia Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800. Sehemu ya kupanda kwa gharama ni kwamba sasa kipo cha kununua. Nadhani viongozi wanaposema huduma zimeboreshwa wanasema kweli, na wananchi wanaposema matibabu hayashikiki nao wanasema kweli, na wote wanatazama jengo lilelile.

Zipo sababu nyingine ambazo mhazini wa ukoo anaziona kwa umbali. Dawa nyingi na karibu vifaa vyote vya upasuaji vinatoka nje, na mwaka 2023 hadi katikati ya 2024 shilingi ilishuka kutoka kama 2,300 hadi zaidi ya 2,600 kwa dola moja. Muuza vyuma hakuhitaji kunieleza kwa nini bei ya mwaka juzi si ya mwaka jana. Hospitali na vituo navyo vinategemea sana mapato ya papo kwa papo, yaani fedha za wagonjwa wa keshi, kununulia vitu vidogo na kulipa vibarua, kwa hiyo hata mganga mwenye huruma anayesamehe wagonjwa watano kwa siku anajua kwamba anapunguza glavu za wiki ijayo. Na magonjwa yamebadilika. Homa ya malaria ilikuja, ikatibiwa au ikaua, ikaisha. Presha na kisukari havina siku ya kuisha, na katika kauntabuku yangu vinajirudia kwa majina yaleyale, kiasi kidogo kidogo, kama kodi.

Presha ndiyo ilinifundisha jambo la pili, na hili lilitokea ndani ya nyumba yangu.

Mimi ni mtumishi wa umma, hivyo nakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri anaongeza asilimia 3 nyingine. Kadi inamhudumia mchangiaji, mwenzi wake na wategemezi wanne, na wategemezi hao wanaweza kuwa watoto au wazazi wa upande wowote. Sisi tuna watoto watatu. Ilibaki nafasi moja, na wazazi walio hai walikuwa watatu: baba yangu, mama yangu, na mama mkwe aliyeko Kyela. Tulijaza fomu ile usiku, watoto wakiwa wamelala. Mke wangu aliishika kalamu kwa muda bila kuandika, kisha akasema, "Baba Atupele, andika mama yako. Yeye sukari na presha anavyo vyote viwili. Mama yangu ana kimoja." Akanisukumia karatasi, akaondoka kwenda kuangalia maharage jikoni. Tumeoana miaka kumi na saba, na sijawahi kumsikia akirudia jambo hilo, lakini kila mama mkwe anapopiga simu kusema kichwa kinamgonga, huwa ananipa simu niongee naye mimi.

Baba, kwa kuwa ana zaidi ya miaka 60 na hana kipato, yuko katika kundi la wazee wanaostahili msamaha, kama walivyo wajawazito na watoto chini ya miaka mitano. Msamaha huo ni wa kweli. Barua ya mtendaji ilipatikana kwa siku moja, dirisha la wazee lipo, na hajawahi kudaiwa fedha ya kumwona daktari. Tatizo lake liko hatua kumi mbele, dirisha la dawa, ambako mara nyingi huambiwa dawa hiyo imeisha na hurudishiwa cheti kikiwa na alama ya duara. Akifika duka la dawa mtaani hakuna dirisha la wazee. Mwezi wa tatu nilikwenda kumsalimu, nikakuta kopo la majani ya chai juu ya kabati lenye vidonge vyake vya presha, vikiwa vingi kuliko inavyopaswa kwa tarehe ile. Nikamuuliza. Akanieleza kwa utulivu wa mtu anayeeleza jambo la busara kwamba anameza kimoja kila siku ya pili, na siku ambazo kichwa ni chepesi hamezi kabisa, ili vimfikishe mavunoni. Karatasi ya vidonge kumi ni shilingi 3,000. Alikuwa na wanawe watano wenye simu, naye hakumpigia hata mmoja.

"Hii si ya kuwaombea mchango," aliniambia. "Watasema mzee ameanza usumbufu."

Nimeyafikiria maneno hayo tangu siku hiyo, kwa sababu yanaeleza mchango ulivyo kuliko katiba yetu. Mchango unakuja pale ambapo jambo limekuwa kubwa na la kuonekana: ajali, upasuaji, rufaa, picha ya mgonjwa mwenye dripu kwenye kundi la WhatsApp. Shilingi 9,000 kwa mwezi za kuzuia kiharusi hazina picha. Kiharusi kikishampata, nina hakika kwamba ukoo utachanga shilingi milioni moja ndani ya siku tatu, na watu watajisifu msibani au kitandani kwamba hawakumtupa mzee wao.

Na hata mchango wenyewe, ukiutazama kwa macho ya mhazini, unapendelea. Mbali na fedha za kikundi, huwa tunapitisha michango ya hiari, na kiasi chote nakiandika. Binamu yetu mmoja aliyeko Dar es Salaam, mtu mwenye marafiki, alipofanyiwa upasuaji wa uvimbe wa tumboni tulipata shilingi 2,300,000 kwa siku nne. Mjane mmoja wa upande wa Chunya, ambaye mume wake aligombana na wazee enzi zake na ambaye hana mtoto mwenye kazi, alihitaji fedha kwa uvimbe uleule wa tumboni. Kwa wiki tatu tulifikisha 87,000. Niliandika ujumbe wa kuwakumbusha watu mara mbili. Mara ya pili mtu mmoja alijibu kwa alama ya mikono iliyokunjwa, nikajua tunamwombea tu. Kauntabuku inaonyesha wazi kwamba hatuchangi kwa kadiri ya ugonjwa, tunachanga kwa kadiri ya mtu, na kila anayechanga anajua kimoyomoyo kwamba anaweka akiba kwa yule atakayeweza kumrudishia.

Sisemi haya kuudharau ukoo wangu. Bila fedha zile 400,000 na magunia yale, mdogo wangu angekuwa na mguu mmoja. Ninachosema ni kwamba tumekuwa tukilipa bima kwa muda wote huu, isipokuwa tunailipa baada ya ajali, kwa bei ya dharura, na kwa upendeleo. Na kwa kuwa tunailipa kimyakimya, kati ya ndugu na ndugu, hakuna anayepanga bajeti ya taifa anayeiona. Nchi za Afrika, yetu ikiwemo, ziliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Hatujaifikia, na pengo hilo linazibwa na magunia ya viazi.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na kwa mujibu wake kila mkazi anapaswa kuwa na bima, na wasio na uwezo watafutiwe fedha za kuwalipia. Niliisoma yote, kwa kuwa ndiyo tabia yangu, na mwezi wa nane mwaka jana nikapeleka pendekezo kikaoni: tuchukue sehemu ya fedha za kikundi, tulipie kaya zote zisizo na bima kadi ya CHF iliyoboreshwa kwanza, na sheria itakapotufikia kwa ukamilifu tuhamie huko. Nilikuwa na hesabu zangu tayari. Kikundi kinakusanya 2,460,000 kwa mwaka, na kaya zisizo na kadi yoyote zilikuwa 26, kwa hiyo zingehitaji 780,000 tu. (Niliona baadaye kwamba hiyo ni bei ileile ya vyuma vya mdogo wangu, na nikajilaumu kwa kutoisema kikaoni, kwa sababu ingewaingia.)

Aliyenipinga kwa nguvu zaidi alikuwa mdogo wangu mwenyewe. Alisimama kwa magongo, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo, akasema, "Kaka, nakuheshimu, lakini kadi yenyewe nilikuwa nayo. Kadi hiyo inaishia pale ugonjwa unapoanza." Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa wote walikuwa wameuona mguu. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba kadi ile ililipia siku mbili za mwanzo na kwamba watoto wake wameitumia mara saba kwa homa na kuhara, akakubali kwa kichwa, lakini akaketi kama mtu aliyeshinda, na alikuwa ameshinda. Nilichokuwa nikikiomba kikao kikinunue kilikuwa nusu ya kitu. Mtu mwenye kipato cha mkulima, akishawahi kufika kwenye geti ambalo kadi yake haifungui, humpati tena kwa kumweleza faida za kadi. Utampata kwa kadi inayofungua geti.

Tulipiga kura. Waliokubali walikuwa 17 kati ya 41. Mwenyekiti, kwa hekima yake ya kutotaka mtu aondoke amenuna, akasema hao 17 walioafiki wanaweza kuanza wenyewe na wengine watajifunza, na ndivyo tulivyofanya, tukafungua ukurasa tofauti nyuma ya kauntabuku. Tumeongeza pia jambo dogo ambalo halikuhitaji kura: kila mwezi natuma shilingi 9,000 za dawa za presha kwa baba na kwa mama mkwe, moja kwa moja kwa muuza duka la dawa wa kila mmoja, nami naziandika kama matumizi ya kikundi. Baba alikasirika kwa wiki moja. Sasa kopo la chai lina majani ya chai.

Jana mdogo wangu alikuja Uyole kwa kliniki, akapitia nyumbani kunywa chai. Anatembea vizuri, ingawa baridi ikikaza bado anaukunja mguu kwa shida. Alinionyesha cheti ambacho daktari ameandika kwamba vyuma vitolewe baada ya miezi 18 tangu upasuaji, akaniuliza kama nimewahi kusikia bei ya kuvitoa. Nilipiga simu, nikaulizia, nikapewa kiasi. Nimekiandika katika ukurasa wake kwa penseli.